Mbuzi Waliopotea Nyuma ya Lavender

Wiki ile Lavender alipokuwa bado mochari, Munyao alifungua studio yake kila asubuhi na hakumpiga mtu yeyote picha. Alikuwa akitafuta mbuzi wawili ndani ya kompyuta. Asipowapata, mdogo wake Titus hangeruhusiwa kumzika mke wake nyumbani kwake, na marehemu angerudishwa Matuu kuzikwa kama msichana ambaye hakuwahi kuolewa.

Mimi ni Kaluki. Nauza mitumba hapa Tala, mkabala na mlango wa studio hiyo, kwa hiyo mambo ya Munyao nayajua kuliko ninavyotaka. Wateja wake huazima koti kwangu kupigia picha ya pasipoti, na wengine hawalirudishi mpaka niwafuate hadi stejini kwa matatu. Yeye mwenyewe ni mtu mrefu, mpole, mwepesi wa kuomba msamaha hata pale ambapo aliyekanyagwa ni yeye. Alifundishwa kazi na fundi mmoja wa Kangundo wakati wa kamera za filamu, na tangu hapo hajafanya kazi nyingine. Watu wa hapa amewapiga picha wakibatizwa, wakimaliza shule, wakioa, wakizikwa.

Picha zake za zamani zilikuwa na jambo moja ambalo tulilicheka sana: kila kitu kilionekana. Alimpiga picha bibi harusi, na nyuma yake ukamwona shangazi ameshika mfupa, mtungi wa maji, na suruali zilizoanikwa kwenye ua. Lenzi yake, ile iliyokuja na kamera, haikujua kuficha.

Bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, nayo ilikuwa imechoka. Mpira wa kushikia ulibanduka akaubandika kwa gundi ya viatu. Shata, kile kipazia cha ndani kinachofunguka picha inapopigwa, ilikuwa ikikwama, naye huipiga kofi kidogo, ikaachia, kisha anamwomba bwana harusi msamaha. Jua likipungua hata kidogo, picha zilijaa chembechembe, nyuso za watu zikaonekana zimepakwa unga wa mtama. Hapo ndipo ikafika zamu ya mkewe, Kasiva, kupokea pesa za chama cha akina mama wanaochangiana. Kasiva akasema pesa hizo ziokoe kamera, kwa kuwa kamera ndiyo inayowalisha. Zilitosha kitu kimoja tu, bodi ya kisasa au lenzi nzuri.

Munyao akaanza kuja kwenye kibanda changu na kusimama katikati ya sweta.

"Kaluki, ungekuwa wewe ungenunua gani?"

"Mimi ningenunua beli mbili za sweta," nikamjibu. "Baridi inakuja."

Hakucheka. Alinieleza, na nilielewa ingawa sikuulizwa kama nataka kuelewa. Bodi mpya ingeona vizuri hata kukiwa na giza, na haingekwama mbele ya watu. Lenzi nayo ndiyo inayoamua nini kionekane na nini kiyeyuke. Ile aliyoitamani ilikuwa haina kusogeza mbali wala karibu. Unasimama ilipokusimamisha, na ukiifungua yote, uso wa mtu unatoka safi na nyuma yake kunakuwa ukungu mtupu.

Kasiva hakuwa na maneno mengi. "Nunua bodi. Ile kitu inakwama ndiyo unatupa. Mambo ya ukungu utanunua ukishiba."

Angemsikiza. Lakini kulikuwa na kijana wa Mlolongo aliyekuwa akija huku wikendi na mabegi meusi, anachukua harusi moja baada ya nyingine, na picha zake zote zilikuwa na ukungu huo. Halafu msichana mmoja wa Kangundo, mteja wa Munyao tangu kipaimara, akamnyang'anya kazi ya harusi yake mbele yangu. Alimwambia bila haya, "Wewe picha zako ziko na watu wengi sana. Mimi nataka nyuma ikuwe blur, nionekane mimi peke yangu." Munyao alimwomba msamaha. Wiki hiyo hiyo akaenda Nairobi, akanunua lenzi, na ile ya zamani akaiacha huko huko dukani kujazia bei. Kasiva alinuna mpaka Jumapili.

Kazi ya kwanza ya lenzi hiyo ilikuwa ntheo ya Titus.

Kwa asiyetoka huku, nieleze. Kwetu Wakamba unaweza kufunga ndoa kanisani na kwa serikali pia, lakini kama hujapeleka mbuzi wa ntheo kwa kina msichana, huyo si mke wako. Ni mbuzi watatu. Beberu anachinjwa na kuliwa siku hiyo na pande zote mbili, na majike wawili wanabaki kwao. Lavender alikuwa yatima. Alilelewa na baba yake mdogo, Ngui, mfanyabiashara wa mifugo huko Matuu, kwa hiyo mbuzi walipelekwa kwa Ngui. Mimi nilikwenda upande wa Titus, nikiwa nimevaa kitenge changu kizuri, na niliwaona majike hao kwa macho yangu. Mmoja alikuwa mweupe, wa pili wa hudhurungi mwenye tumbo jeupe.

Ilikuwa Julai. Huku kwetu Julai jua hulioni, ni mawingu na manyunyu na watu kukunja mikono. Wazee walivutana kwa maneno mpaka jioni, na mbuzi walipotolewa mwanga ulikuwa umekwisha karibu wote. Munyao alikuwa kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Aliwafokea vijana waliotoa simu, yeye asiyefokea hata kuku: "Wekeni simu chini! Mnaniharibia picha!" Wakaziweka. Akafungua lenzi yake yote, akapiga, na mbele ya lenzi alikuwa Lavender.

Sitasema uongo, zilitoka picha nzuri. Yule msichana aliinama kidogo, anacheka, mtandio umemteleza begani, na dunia yote nyuma yake imeyeyuka. Kwenye skrini ya Munyao tulimwangalia tena na tena. Hata Kasiva alisema, "Haya, iko sawa." Titus akaiweka moja ukutani, juu ya televisheni.

Mwaka haukuisha vizuri. Lavender alianza kukohoa baada ya Krismasi, akalazwa na homa ya mapafu, na Februari akatutoka. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Titus ni mtu wa kuuza misumari na simenti kwenye duka la mtu mwingine, hana shamba kubwa, hana jina kubwa. Kaburi la mkewe pale kwake ndilo lilikuwa kitu pekee alichobaki akikidai.

Ndipo Ngui akatuma neno kwamba Lavender hajaolewa.

Tulifikiri ni majonzi. Tulikwenda kwake, wazee wa pande zote wakaketi, naye akayasema tena bila kupepesa. "Mlileta beberu moja, tukakula, tukafurahi pamoja. Hiyo ilikuwa ya kujulishana. Majike mbili ya ntheo mimi niliyaona wapi?" Majike alikwisha kuwauza zamani, biashara yake ni hiyo. Alikasirika kwamba Titus hakuwahi kurudi na mahari iliyobaki, na sasa alikuwa amepata mahali pa kumshika. Mzee wetu aliyetuongoza siku ile ya ntheo ameshakufa. Sisi wengine tulipofungua mdomo tuliambiwa, nyinyi ni watu wa Titus, mtasema nini kingine? Na mkewe Ngui, mama Kamanthe, aliyewafunga mbuzi hao kwa mkono wake, alipoulizwa alisema, "Mimi nilikuwa jikoni."

Mzee mmoja wa ukoo wao akauliza, "Si mlikuwa na mpiga picha?"

Titus akamgeukia kaka yake na uso ukaangaza. Ule mwanga usoni mwake Munyao amenitajia mara nyingi tangu hapo.

Kwa hiyo Munyao alikuwa akitafuta. Aliniita siku ya pili, nikaacha kibanda bila mtu nikaenda. Picha baada ya picha: Lavender, Lavender, Lavender, kope moja moja, chembe ya manyunyu kwenye nywele. Nyuma yake, penye ua wa Ngui, palikuwa na ukungu wa kijani na ndani yake doa jeupe na doa la hudhurungi.

"Hao ndio," akasema.

Niliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Nilijua ni mbuzi kwa sababu nilikuwapo. "Kwa asiyekuwapo," nikamwambia, "hayo ni magunia."

Aliikuza picha. Doa likawa kubwa zaidi na likapungua maana. Nilimuuliza kama lenzi hiyo haina namna ya kuonyesha vitu vya nyuma. Akasema inayo, unaibana tu. Lakini ukiibana inataka mwanga, na jioni ile mwanga haukuwapo, na kwa bodi yake picha ingetoka chembechembe tupu.

"Chembechembe zingekuwa na mbuzi," nikamwambia. Nilisema kwa ukali na ningependa kusema sikukusudia.

Munyao akaweka kichwa juu ya meza, kati ya kibodi na karatasi za kuchapia picha. "Kasiva aliniambia bodi," akasema. "Na nilikuwa nimelipia ukungu, Kaluki. Nilitaka kuuona. Na simu za watu nikazikataza mimi mwenyewe." Kisha akalia, mtu mzima, na mteja wa picha ya kitambulisho amesimama mlangoni. Nilimfukuza mteja.

Tulizunguka kuuliza wale vijana. Mmoja alikuwa amepiga picha kabla ya kufokewa, lakini simu hiyo iliibwa. Wengine walikuwa na picha za pilau na za nyuso zao wenyewe. Kila tuliporudi, Titus alikuwa ameketi kwenye benchi la studio na shati lile lile, na kila mara aliinua macho akatuangalia mikono.

Mwishowe ni yeye aliyesema.

"Kaka, kwa hiyo kompyuta uko na ntheo ngapi za watu?"

"Nyingi."

"Na ziko na mbuzi? Zile za lenzi ya zamani?"

Munyao alifungua moja. Zilikuwa nazo, mbuzi wa miaka mingi, wamesimama wima, unaweza kuhesabu nywele.

"Weka wawili hapo nyuma," Titus akasema.

"Titus, hiyo ni uongo."

"Uongo gani? Walikuwa hapo! Niliwanunua, nikawabeba, walikuwa hapo!" Alisimama akashika ukingo wa meza. "Sikuambii uongeze kitu. Rudisha chenye ulifuta. Wewe ndiye ulifuta, kaka. Tafadhali. Watamchukua."

Nilikuwa pale, na sikusema usifanye. Nilitaka afanye. Munyao alitafuta picha ya ntheo moja ya Kithimani, ya miaka iliyopita, akakuta majike wawili karibu wa rangi zile zile. Aliwakata polepole, akawaweka kwenye ua wa Ngui, akawapunguzia mwanga, akawatia ukungu kiasi tu cha kuaminika. Ilikuwa kazi safi. Kama ningekuwa hakimu ningemzika Lavender palepale Tala. Akaichapa kubwa, akaitia kwenye bahasha.

Kosa lake lilikuwa moja. Alidhani mbuzi ni mbuzi.

Kwa Ngui wazee waliipitisha picha ile mkono kwa mkono na wakaanza kutikisa vichwa kwa kukubali. Mmoja alisema, "Ngui, hapa si mbuzi hawa?" Titus alikuwa amefumba macho. Picha ikafika kwa Ngui. Akaivuta karibu, akaigeuza kwenye jua, na kidole chake kikasimama mahali pamoja.

"Huyu jike namjua," akasema. "Angalieni hii sikio, imekatwa mara mbili chini. Hiyo ni alama ya mbuzi wa boma ya kwa Kilonzo. Nilimnunua mimi kwa soko, nikamuuzia mtu wa Kithimani akapeleke ntheo. Hiyo ni kitambo, hata huyu kijana alikuwa hajamjua Lavender. Sasa amefikaje kwa boma yangu?"

Mtu aliyeshika kamba za mbuzi maisha yake yote hasahau mbuzi, anamjua kama sisi tunavyojua watoto wa jirani. Munyao alikuwa anaangalia viatu vyake. Mzee aliyekuwa ametikisa kichwa alimuuliza kama picha ile ameitengeneza, na Munyao, kwa kuwa hajui kudanganya mtu akimwangalia, alisema ndiyo.

Mama Kamanthe alikuwa anamimina chai. Picha ilikuwa mezani karibu na mkono wake, naye akaitazama kama mtu anavyotazama kitu chochote kilicho mezani.

"Hawa sio wale," akasema. "Wale, yule mwingine alikuwa na tumbo nyeupe."

Tulisikia sote. Hakuna aliyekuwa mbali. Titus aliruka juu akapiga kelele, "Mmesikia! Mama amesema wale! Amesema wale!" Nikasimama na mimi, nikapaza sauti, nikasema hata mbwa wa boma hii amesikia. Wazee hawakututazama. Walimtazama Ngui.

"Huyu mama alikuwa jikoni," Ngui akasema taratibu.

Mama Kamanthe aliweka birika chini. Alimwangalia Titus, na midomo yake ikasogea kidogo. "Nilikuwa jikoni," akasema, akachukua sinia akaondoka.

Mzee wao mkubwa akaigeuza picha ile kifudifudi. "Vijana," akasema, "kama mlileta mbuzi, mbona mkatengeneza wengine?" Ukweli ulikuwa wetu tulipoingia kwa lango lile, na tulikuwa tumeuharibu kwa mikono yetu wenyewe. Wakaamua Titus alete ntheo upya, mbuzi watatu, na mwili usimame kwenye lango la Ngui mpaka mbuzi wapokelewe.

Titus alinunua mbuzi. Sitasema alivyowapata.

Siku ya mazishi msafara wetu haukwenda nyumbani kutoka mochari, ulikwenda Matuu kwanza. Jua lilikuwa kali mno, lile la Februari linalokufanya utembee ukitafuta kivuli cha nguzo. Gari la maiti likasimama langoni. Titus alishuka na suti yake nyeusi, akapokea kamba tatu mkononi, na akabaki amesimama katikati ya njia, mbuzi wakimvuta huku na huku. Mmoja alikuwa akilia bila kunyamaza. Munyao alisimama nyuma ya gari na kamera yake shingoni kwa mazoea tu. Alikuwa ameniambia hatapiga hata picha moja.

Ngui alitoka na wazee wake. Aliwakagua mbuzi, meno, masikio, kwato, bila haraka. Kisha akashika kamba, na kabla ya kuzivuta akainua kichwa akatafuta watu kwa macho.

"Mpiga picha ako wapi?" akauliza. "Kuja hapa. Piga hii. Na hawa mbuzi waonekane, sitaki mtu aje kusema kesho."

Munyao hakusogea. Kasiva alimshika mkono. Nilidhani kwa mara ya kwanza maishani mwake atamtukana mtu, na nilikuwa tayari kumsaidia kwa maneno yangu. Ni Titus aliyesema, bila kugeuka, kwa sauti ndogo, "Piga, kaka. Nataka kumpeleka nyumbani."

Munyao akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka mgongo ukagusa ukuta wa jirani, kwa sababu lenzi ile haimezi watu wengi ukiwa karibu. Nilimwona akizungusha kigurudumu kwa kidole gumba, anaibana. Mwanga ulikuwa mwingi kuliko hata bodi ile mbovu ilivyohitaji. Shata ilikwama. Akaipiga kofi, hakuomba mtu msamaha, akapiga tena.

Ngui alitaka kuiona. Aliinamia kile kioo kidogo, akakikinga jua kwa kiganja, akaridhika. "Hii sasa ni picha," akasema. "Utanitumia." Lango likafunguliwa mbuzi wakaingia, nasi tukaruhusiwa kwenda kuzika.

Nimeiona picha hiyo mara moja. Hakuna ukungu popote. Mbuzi watatu wanaonekana, na kamba, na mkono wa Ngui, na mimi nimefungua mdomo, na mama Kamanthe kwenye mlango wa jikoni. Titus anaonekana mpaka jasho. Ndiyo picha pekee ya ntheo yao ambayo hakuna mtu, popote, anayeweza kuikana. Lavender naye yumo, ndani ya lile gari, na milango ya nyuma imefungwa.